Mazoezi ni Kazi: Tamko la Wachezaji na Watunzi wa Dansi ya Kisasa katika Siku ya Dansi Duniani

Sisi wachezaji, watunzi na walimu wa dansi ya kisasa tunaofanya kazi Dar es Salaam na Bagamoyo, baada ya kukutana katika mkutano mkuu wa chama chetu, tunatoa tamko hili leo, tarehe 29 Aprili. Siku ya Dansi Duniani ilianza kuadhimishwa mwaka 1982, na tarehe yake ni ya kuzaliwa kwa Jean-Georges Noverre, mtunzi wa Kifaransa wa karne ya 18. Kila mwaka ikifika tunapewa pongezi. Mwaka huu tunaomba pongezi hizo ziambatane na mikataba.

Msimamo wetu ni mmoja: mazoezi ni kazi, na kazi hulipwa.

Hali ilivyo

Mchezaji huitwa kazini kwa simu. Hutajiwa tarehe, ukumbi na rangi ya nguo. Akiuliza malipo, anatajiwa kiasi cha usiku wa onyesho. Wiki za mazoezi zinazotangulia huishia kwenye nauli, tena si kila siku. Onyesho likiahirishwa, mwenye ukumbi anabaki na malipo yake ya awali, na mwenye spika vivyo hivyo. Mchezaji huambiwa avute subira, kwa kuwa hana karatasi ya kumtetea.

Tuchukue mfano wa kazi ya dakika 40 yenye wachezaji watano. Ikifanyiwa mazoezi kwa wiki 8, siku 5 kwa wiki, saa 4 kwa siku, kila mchezaji anatoa saa 160 kabla ya kupanda jukwaani. Wote watano wanatoa saa 800. Mtazamaji anaona dakika 40, na mara nyingi bajeti nayo inaziona hizo hizo.

Saa hizo hazipotei bure. Ndani yake mchezaji anajifunza kuanguka bila kuumia: uzito unapita pajani, kisha nyongani, kisha begani, na goti haliigongi sakafu. Anajifunza kubana na kuachia kiwiliwili kwa kufuata pumzi, njia iliyoasisiwa na Martha Graham huko Marekani. Anajifunza mawimbi ya uti wa mgongo kwa mbinu ya Germaine Acogny wa Senegal. Anarudi pia kwenye sindimba ya Wamakonde, ambako nyonga inaongoza na mabega yanatulia, na kwenye bugobogobo ya Wasukuma, ngoma iliyotoka shambani jembe likiwa mkononi. Mtunzi huyachukua hayo yote, akayavunja, akayapanga upya mpaka yawe kauli yake. Kazi kubwa ya utunzi hufanyika hapo, kwenye chumba cha mazoezi.

Na chumba chenyewe kikoje? Mara nyingi ni ukumbi wa shule wenye sakafu ya saruji, au baraza yenye vigae. Sakafu ya dansi hujengwa kwa mbao zilizopandishwa juu ya fremu ili inese mguu unapotua. Saruji hainesi, kwa hiyo kishindo cha kila mruko kinapokelewa na kifundo cha mguu, goti na kiuno. Mchezaji akiumia, dawa ni ya mfuko wake, na nafasi yake inachukuliwa na mwingine wiki hiyo hiyo.

Tulikotoka na wanavyofanya wengine

Nchi hii iliwahi kumlipa mchezaji kama mfanyakazi. Katika miaka ya 1960 na 1970 tulikuwa na Kikundi cha Taifa cha Ngoma, ambacho wachezaji wake walilipwa na Serikali. Kikundi hicho kilipovunjwa, mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Mafunzo yakapata nyumba, na baadaye yakaongezewa nguvu na shule kama MuDa Africa hapa Dar es Salaam. Ajira haikupata nyumba. Tunafundisha vijana wanaohitimu wakijua kucheza, kisha tunawakabidhi kwa soko lisilotambua saa zao.

Majirani wameonyesha kuwa dansi ya kisasa hukua panapokuwa na mahali pa kudumu pa kufanyia kazi. Faustin Linyekula alianzisha Studios Kabako mwaka 2001 huko Kinshasa, kisha akaihamishia Kisangani, mji ambako Kiswahili nacho kinazungumzwa. Kenya, Opiyo Okach na kundi lake la Gàara walianza safari hiyo tangu miaka ya 1990. Ufaransa imekwenda mbali zaidi: msanii wa jukwaani aliyefikisha saa 507 za kazi yenye mkataba ndani ya miezi 12 anastahili fidia ya kipindi asichokuwa na kazi, na mazoezi yaliyolipwa yanahesabiwa humo. Hatudai kuunakili mpango huo kesho asubuhi. Tunachukua kanuni yake, kwamba saa ya mazoezi ni saa ya kazi.

Sheria tulizo nazo

Hatuanzi patupu. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa yapo mambo kama haya: anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Jambo moja tu linatosha. Mchezaji wa mfano wetu, hata asipofanya chochote kingine katika miezi hiyo mitatu, ana wastani wa saa 53.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inazitambua kazi za dansi zilizotungwa kuwa kazi za sanaa zenye hakimiliki, na inamtambua mchezaji miongoni mwa watumbuizaji wenye hakishiriki. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Kinachokosekana ni sheria hizi kuingia kwenye chumba cha mazoezi.

Kwa hiyo tunatamka

1. Mkataba wa maandishi usainiwe kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi. Utaje tarehe, saa, malipo, na siku ya kulipa.

2. Mazoezi yalipwe kwa saa au kwa siku, yakitenganishwa na malipo ya onyesho. Nauli na chakula ni gharama za kazi, visihesabiwe kuwa ujira.

3. Onyesho likiahirishwa au kufutwa, mazoezi yaliyokwisha kufanyika yalipwe yote. Mwenye kazi alibebe hilo kama anavyobeba deni la ukumbi.

4. Kabla ya mazoezi kuanza, ikubaliwe nani atagharimia matibabu ya anayeumia kazini. Ukumbi wa saruji ukitumika, mikeka au mbao za kutandika ziwekwe kwenye bajeti.

5. Mkataba useme nani anamiliki dansi iliyotungwa, na video itatumika wapi, kwa muda gani. Yaliyompata Martha Graham yawe funzo. Mwaka 2002 mahakama ya New York iliamua kuwa nyingi ya kazi zake ni mali ya kituo alichokianzisha mwenyewe, kwa kuwa baadhi alizitunga akiwa mwajiriwa wa kituo hicho na nyingine alishakikabidhi, na mtu aliyemwachia urithi akazikosa.

6. Kazi ikiisha usiku, mwenye kazi agharimie usafiri wa wachezaji hadi majumbani. Kwa safari za nje, pasipoti ibaki kwa mwenyewe. Anayedai ngono ili atoe nafasi ya kucheza aripotiwe Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), na chama kitasimama na aliyeripoti.

7. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa utenge ruzuku kwa utunzi wa dansi, sambamba na mikopo. Kazi ya jukwaani yenye maonyesho mawili au matatu haiwezi kurejesha mkopo, lakini inaweza kuzaa mtunzi atakayeajiri wenzake kwa miaka.

8. Vyuo na shule za dansi zifundishe mkataba, hakimiliki na jinsi ya kuukinga mwili usiumie kama somo kamili, lenye mtihani, tangu mwaka wa kwanza.

Wajibu wetu wenyewe

Tunajua jibu tutakalopewa: bajeti ni ndogo. Ni kweli, na wengi wa wanaozipanga bajeti hizo ni watunzi walio wanachama wetu, wasiolipwa vizuri wao wenyewe. Lakini mwenye bajeti ndogo ana njia. Apunguze idadi ya wachezaji, afupishe kazi, au abane wiki za mazoezi. Kazi ya watu watatu waliolipwa ni bora kuliko ya watu wanane waliodanganywa kwamba watapata jina.

Kwa hiyo kila mtunzi mwanachama anajifunga kutofungua mazoezi bila mkataba, na kuandika saa za kila siku katika daftari linalosainiwa na wachezaji wote. Kila mchezaji mwanachama anajifunga kufika kwa wakati na kutoiacha kazi aliyoisaini akipata yenye dau nono zaidi. Haki ya saa zetu ina maana tukiziheshimu wenyewe kwanza.

Mkataba wa mfano, ulioandikwa kwa Kiswahili, utagawiwa bure kwa wanachama na wasio wanachama. Mwanachama atakayedhulumiwa tutamsaidia kufikisha shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwenye kazi atakayekaidi baada ya kuzungumza naye, wanachama hawatamchezea.

Masharti haya yanaanza kutumika kwa wanachama wote tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi. Tutakuwa kwenye maandamano ya Mei Mosi pamoja na wafanyakazi wengine, chini ya bango letu.

Limetolewa Dar es Salaam na Kamati ya Utendaji, kwa niaba ya Mkutano Mkuu wa wanachama.