Wacha Kumwinua Huyo Msee

Boda ikigongwa Mombasa Road, dakika haijaisha watu ishirini washafika. Mmoja ameshika miguu, mwingine ameshika kwapa, wa tatu anapiga kelele "mpelekeni hosi!" Jamaa anakunjwa kama godoro, anasukumwa kiti cha nyuma cha Probox, na kila mtu anaenda zake akijua amesaidia.

Wasee, hapo ndipo tunaharibu. Na tunaharibu kwa roho safi kabisa.

Mgongo ni pingili zimepangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake inapita kamba ya neva. Hiyo kamba ndiyo inaambia miguu itembee na mikono ishike. Pingili ikivunjika, kamba inaweza kuwa bado iko sawa, ila sasa imepakana na mfupa uliovunjika. Ukimkunja huyo mtu, unaweza kuusukuma mfupa uingie ndani. Mfupa huunga. Kamba ikikatika, hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa. Ikiwa ni shingo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu neva zinazoendesha kupumua zinatokea huko.

Na usidanganywe na "si anasogeza miguu, yuko poa." Mtu anaweza kusogeza miguu, hata kusimama, na bado pingili imevunjika.

Najua mtaniambia: ambulensi ya wapi? Tungoje mpaka saa ngapi? Hilo swali ni la haki, na serikali za kaunti zinafaa kulijibu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini kungoja si kukaa bure. Kuna kazi.

Kwanza, zuieni magari. Weka matawi barabarani, mtu mmoja asimame mbali akipunga mkono. Pili, hiyo simu unayorekodia, piga nayo 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Tatu, mtu mmoja apige magoti upande wa kichwa, akishike kwa mikono miwili vile alivyokikuta, bila kukinyoosha. Mwambie asisogee. Damu ikitoka, bonyeza na kitambaa. Helmeti iache, isipokuwa imemzuia kupumua. Maji ya kunywa pia wacha.

Kuna wakati lazima umtoe: moto, maji, magari yasiyozuilika. Hapo mvute kwa mstari mmoja, bila kumkunja. Akitapika, mgeuzeni ubavu watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikizunguka kama gogo. Na kama hapumui, kupumua kunakuja kwanza, mgongo baadaye.

Na kama kweli hakuna ambulensi inayokuja? Tafuteni kitu kigumu na kirefu, kama ubao au mlango. Mwenye kushika kichwa ndiye ahesabu, wote mwinue pamoja, kisha alazwe nyuma ya pikapu. Hiyo ni njia ya mwisho. Bado inashinda kiti cha Probox.

Maoni yangu ni haya: watu wa kwanza kufundishwa huduma ya kwanza wawe wa boda. Wao ndio hufika mapema kwa ajali, na wao ndio huanguka. Kila steji ina mwenyekiti na mchango. Tumieni kidogo ya hiyo pesa kumlipa mkufunzi Jumapili moja, na mnunue ubao mmoja wa kubebea wagonjwa. Tunachanga haraka sana mtu akishakaa kwa kiti cha magurudumu. Tuchange kabla.

Na wewe ukifika wa kwanza, shika kichwa na ukatae ainuliwe ovyo. Watakuita mjuaji. Waache waite.