Usibishanie Rangi, Bishania Mwaka

Kuna watu wazima Marekani wanaopenda treni ndogo za modeli, zile za kipimo cha 1 kwa 87, na wanaweza kubishana wiki nzima kama nyekundu ya kabusi imekolea sana. Kabusi ni lile behewa la mwisho la treni ya mizigo, wafanyakazi walikaa humo wakiichunga treni. Miaka ya 1980 vifaa vya elektroniki vikaanza kuchukua kazi hiyo. Najua unacheka. Mimi sicheki, ila naona wanabishania kitu kisichofaa.

Manze, hiyo nyekundu kamili hakuna mtu ataipata. Rangi ilipauka juani, masizi yakaifunika, na picha za zamani nazo zimegeuka rangi zikiwa kwa albamu. Hata balbu ya chumba chako inaibadilisha. Tena rangi ikiwa kwa kitu kidogo huonekana nzito zaidi, ndiyo maana wengi huongeza nyeupe kidogo. Anayekuambia "hii ndiyo yenyewe" anakupiga story tu.

Mwaka ndio hauna mjadala. Chukua Union Pacific. Zama za moshi kabusi zake zilikuwa nyekundu ya udongo, baadaye zikapakwa njano. Ukifunga ile ya zamani nyuma ya kichwa cha dizeli cha miaka ya 1970, umepaka vizuri lakini treni yako ni uongo.

Kisa ninachokipenda ni cha 1985. Santa Fe na Southern Pacific zilitaka kuungana, na kwa haraka zao zikaanza kupaka vichwa vya treni nyekundu na njano kabla ya kupewa ruhusa. Watu wakauita mtindo huo Kodachrome, kwa sababu ulifanana na boksi la filamu za Kodak. Ubavuni waliandika herufi za kampuni moja, SF au SP, wakaachia zile zingine nafasi. 1986 tume ya serikali ikakataa. Vichwa vikabaki vimevaa nguo za harusi ambayo haikufanyika! Ukiona modeli ya rangi hizo, unajua ni ya zama gani bila kuuliza.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo inaniuma. Unapata video ya "Lunatic Express", mtu anasimulia simba wa Tsavo wa 1898, na picha inayopita ni kichwa kikubwa cha maruni. Wasee, hicho ni Garratt cha daraja la 59! Vilikuwa 34, vilijengwa na Beyer, Peacock kule Manchester, vikaanza kuja 1955. Reli ilikuwa imefika Kisumu 1901. Mimi niliacha chuo, lakini hiyo hesabu naiweza: zaidi ya miaka 50.

Maruni hiyo ni ya East African Railways, zama ambazo Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na reli moja, kuanzia 1948 hadi ilipovunjika 1977. Ukiibandika kwa stori ya simba, unafuta miaka hiyo yote. Madereva, mafundi na wachochea moto wa wakati huo, babu za watu tunaowajua, wanatoweka kwa hadithi yao wenyewe.

Utaniambia ni content tu, nisijichoshe. Lakini kuna mtoto wa darasa la sita ambaye video yako ndiyo historia pekee ya reli atakayowahi kuona. Yeye hatajua kama maruni yako imekolea ama imepauka. Atakachobaki nacho ni ile treni uliyomwonyesha na ule mwaka uliotaja.

Mount Gelai, kichwa nambari 5918, kiko pale Railway Museum, Nairobi. Enda ukione kwa macho yako. Halafu ukitengeneza modeli ya kadibodi, ukichora ama uki-edit video, andika mwaka kwanza ndipo uchague rangi.