Mandhari ya Kazini: Haki Iliyosahauliwa ya Mchuma Kahawa

Wahenga waliamba, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aghalabu panapotajwa uzuri wa mahali pa kazi, fikira hukimbilia Pwani: mvuvi wa Lamu na tanga lake, au mhudumu wa hoteli ya Mombasa aingiaye zamu huku bahari ikimeta mbele yake. Mfanyakazi wa bara husawiriwa kana kwamba yeye na mandhari ni ardhi na mbingu. Mtazamo huu ni finyu, na unamdhulumu hasa mchuma kahawa wa Thika na Ruiru.

Hebu na atazamwe kibarua huyo alfajiri. Mvua ikishanyesha baada ya kiangazi, mibuni huchanua kwa siku chache tu, maua yake meupe yakinukia mithili ya asumini. Upande wa mashariki umesimama Kilimambogo. Anga ikitakata, Mlima Kenya nao hujitokeza. Mjini Thika, mito ya Chania na Thika hushuka kwa maporomoko kando ya hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908. Mgeni hulipa ili aketi kuyatazama maji hayo. Mchuma kahawa hushinda katika uzuri wa nchi hiyo hiyo, lakini ni nani aliyewahi kumuuliza auonaje?

Wapo watakaodai kuwa uzuri ni anasa ya walioshiba, na kwamba alipwaye kwa debe hana wasaa wa kutazama maua. Hoja hii ni nusu ya ukweli. Kuchuma kahawa ni kazi ya macho: buni nyekundu huchumwa, mbichi huachwa, tawi baada ya tawi. Awezaye kupambanua rangi kwa kasi hiyo haambiwi kwamba haoni. Anachokosa si jicho, bali nafasi.

Ukosefu huo una historia. Enzi za ukoloni, Waafrika wa sehemu hizi walizuiwa kwa miongo mingi kupanda kahawa yao wenyewe, ilhali nguvu zao zilihitajika katika mashamba ya walowezi. Harry Thuku alipoanza harakati zake mwaka 1921, alilalamikia kipande, kupunguzwa kwa mishahara, na wanawake na wasichana kushurutishwa kufanya kazi mashambani. Kwa hakika, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Leo pana hatari nyingine. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kuzinduliwa mwaka 2012, mahitaji ya ardhi yaliongezeka, na sehemu kubwa ya mashamba ya mibuni ya Ruiru imegeuka mitaa ya makazi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takribani watu 490,000 mjini humo. Watu hao sharti wapate makao. Hakuna mwenye busara atakayelipinga hilo. Hata hivyo, ploti zinapopimwa, kivuli, harufu ya maua na ukingo wa mto havihesabiwi. Ajabu ni kwamba matangazo ya kuuzia nyumba huyasifu mandhari yayo hayo. Uzuri ambao mchumaji alinyimwa nafasi ya kuufurahia sasa unauzwa kwa mwingine, naye akibaki bila kazi na bila mandhari.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Hakikusema kila mtalii, wala kila mwenye nyumba. Basi mwajiri na ampe kibarua kivuli cha kupumzikia, maji safi, na saa ya mchana isiyoibwa na mnyapara. Wajenzi nao waache kingo za mito na miti yake. Washairi wa Kiswahili, waliozoea kuisifu bahari, wana deni kwa mbuni unaochanua.

Chanda chema huvikwa pete. Mkono uliolilea shamba kwa miaka mingi unastahili walau kustarehe chini ya kivuli chake.