Halima Aden: mtoto wa kambi aliyeweka masharti yake mbele ya kamera

Tangu mwaka 1964, gazeti la michezo la Marekani linaloitwa Sports Illustrated linatoa kila mwaka toleo moja la pekee: wanawake wenye kuvaa mavazi ya kuogelea, wamepigwa picha kwenye fukwe nzuri za dunia. Ni gazeti ambalo wazazi wengi wa kwetu hawangependa kulikuta mezani. Lakini katika toleo la mwezi wa tano 2019 kulikuwa kitu ambacho hakikuwa kimeonekana humo hata siku moja. Kulikuwa msichana Mwislamu amevaa burkini, kichwa kimefunikwa, mikono na miguu imefunikwa mpaka mwisho.

Picha zile zilipigwa Watamu, karibu na Malindi, kwenye pwani ya Kenya. Jina la msichana ni Halima Aden. Naye alizaliwa katika inchi hiyo hiyo ya Kenya, ila mbali na bahari: alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Mwaka mmoja na nusu kisha picha zile, mwisho wa mwezi wa kumi na moja 2020, Halima aliacha kazi ya kuonyesha mavazi. Hakufukuzwa, na kazi haikukosekana. Aliacha juu aliona masharti yake yanaliwa kidogo kidogo.

Mtu anaweza kuuliza: habari ya burkini inatuhusu nini sisi wa Kasindi, Beni na Butembo? Inatuhusu kwa mambo mawili ambayo tunayajua vizuri: kukimbia, na kuahidiwa. Tangu mauaji yalipoanza kwenye eneo la Beni mwaka 2014, familia nyingi zimeacha mashamba. Wengine wako katika familia za kupokea watu mjini, wengine wamevuka Mpondwe na kuishi Kyangwali ama Kyaka II huko Uganda, na Wacongomani wako mpaka Kakuma kwenyewe. Na pale watu wanapokimbia, wenye kuahidi hawakosekani: kazi ya Kampala, kazi ya Nairobi, kazi ya Dubai, "wewe uko mzuri, tuma tu picha."

Kutoka Kakuma mpaka Minnesota

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 katika Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, sehemu ya jua kali na vumbi. Ilianza na vijana waliokimbia vita ya Sudani. Kisha wakaingia Wasomali, Waethiopia, Wacongomani, Warundi. Halima alizaliwa humo mwezi wa tisa 1997, katika familia ya Wasomali waliokimbia vita ya kwao. Alikua na watoto wa makabila na dini mbalimbali, akaongea Kiswahili pamoja nao, akaugua malaria kama watoto wote wa kambi.

Alipokuwa na karibu miaka saba, familia ilipata nafasi ya kupelekwa Marekani. Wakafika kwanza St. Louis, kisha wakahamia St. Cloud, mji wa jimbo la Minnesota ambako Wasomali wako wengi. Huko alisoma shule ya sekondari, na wanafunzi wenzake wakamchagua kuwa malkia wa sikukuu ya shule. Alifanya pia kazi ya usafi katika hospitali. Mama yake alitaka asome tu, na mambo ya urembo hakuyapenda.

Mwezi wa kumi na moja 2016, Halima akiwa na miaka 19 aliingia katika mashindano ya Miss Minnesota USA. Mashindano hayo yana sehemu ya mavazi ya kuogelea. Wengine walipanda jukwaani na mayo ya kawaida. Yeye alipanda na burkini na kitambaa kichwani. Alikuwa wa kwanza kufanya vile katika mashindano yale, na alifika nusu-fainali. Hakushinda taji, lakini picha zake zilizunguka dunia.

Tukumbuke hali ya wakati ule. Katika mwezi wa nane wa mwaka huo huo wa 2016, miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa, kama Cannes na Nice, ilikataza burkini kwenye fukwe zake, mpaka baraza kuu la sheria za utawala la Ufaransa likasimamisha katazo la mji mmoja na kuonyesha njia kwa mingine. Vazi lenyewe lilibuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mama mwenye asili ya Lebanoni anayeishi Australia, kusudi wasichana Waislamu waweze kucheza michezo na kuogelea pamoja na wengine. Basi msichana alikuwa anasemwa pande mbili: huku wanamwambia amevaa nguo nyingi mno, kule wanamwambia mwanamke wa kujifunika hana kazi jukwaani.

Masharti yaliandikwa

Kisha mashindano yale, IMG, moja ya makampuni makubwa ya wanamitindo duniani, ilimtaka. Hapa ndipo tunapaswa kusimama kidogo. Halima hakusema "nitaona tutakapofika." Kabla ya kutia sahihi, aliomba iandikwe katika kontra kwamba hataombwa kamwe kutoa kitambaa kichwani. Aliomba pia nafasi ya pekee ya kubadilishia nguo, juu katika kazi ile wanamitindo huvua na kuvaa mbele ya watu wote. Kampuni ikakubali.

Milango ikafunguka mbio. Mwezi wa pili 2017 alitembea kwenye maonyesho ya Kanye West huko New York, kisha Milano huko Italia. Mwezi wa sita mwaka huo akawa kwenye jalada la Vogue ya Kiarabu. Mwezi wa tano 2018 akawa kwenye jalada la Vogue ya Uingereza pamoja na wanamitindo wengine, mara ya kwanza kwa gazeti lile kuweka jaladani mwanamke mwenye hijabu. Mwaka kisha, Watamu. Wakati wa picha zile alisema alikuwa anawaza mtoto wa miaka sita aliyekuwa yeye, katika inchi ile ile, ndani ya kambi.

Siyo wote waliofurahi. Kuko Waislamu waliosema kwamba gazeti lile haliwezi kuwa nafasi ya heshima hata mtu akijifunika namna gani. Kuko wengine waliosema kwamba kujifunika siyo uhuru. Hoja hizo zote zina uzito wake, na kila familia itapima kivyake. Lakini tuangalie jambo moja ambalo halina ubishi: katika toleo lile ambalo mazoea yake ni kuvua, mtoto wa kambi aliingia kwa masharti aliyoyachagua yeye mwenyewe.

Kitambaa kilipoanza kupungua

Ingekuwa habari imeishia hapo, ingekuwa hadithi tamu ya kusomea watoto. Haikuishia hapo.

Halima mwenyewe alieleza baadaye namna mambo yalivyogeuka. Kitambaa kilibaki katika kontra, lakini namna ya kukifunga ilianza kubadilika. Leo shingo inaonekana kidogo, kesho kinafungwa kama kilemba, kesho kutwa kinawekwa kitu kingine kabisa. Kuna picha za biashara ambamo walimfunga suruali ya jinzi kichwani pahali pa kitambaa. Hakuna aliyemwambia "toa hijabu." Karatasi ilikuwa ingali inaheshimiwa, ila maana yake ilikuwa inaondoka.

Aliona pia jambo lingine. Wasichana wengine wenye hijabu waliokuja nyuma yake hawakupewa nafasi ya kubadilishia nguo kama yeye. Heshima aliyoipata ilikuwa yake peke yake, haikuwa sheria ya kazi.

Kisha ikaja korona mwaka 2020, maonyesho yakasimama, naye akakaa nyumbani karibu na mama yake, ambaye alikuwa amemwomba tangu zamani aache kazi ile. Mwezi wa kumi na moja akaandika kwenye Instagram kwamba basi. Alijilaumu pia mwenyewe, akasema alijali nafasi aliyopewa kuliko kile kilichokuwa hatarini. Mwaka 2021 alirudi kufanya kazi na Modanisa, kampuni ya Uturuki ya mavazi ya kujifunika, akibuni vitambaa. Kwa hiyo hakukimbia mavazi. Alikimbia mahali ambapo hakuweza tena kulinda neno lake.

Watoto wanaoimbia wageni

Kuko sehemu ya habari hii ambayo inatugusa sisi zaidi, wala haina uhusiano na mitindo. Mwaka 2018 Halima alikuwa amefanywa balozi wa UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, na mwaka huo alirudi Kakuma kutoa hotuba. Akauliza watoto kama wangali wanaimba na kucheza mbele ya wageni wakubwa, sawa yeye alivyofanya alipokuwa mdogo. Wakajibu ndiyo, na safari hii wanamwimbia yeye. Alieleza mwaka 2021 kwamba jibu lile lilimchoma.

Msomaji wa Oicha ama wa Beni haitaji kufasiriwa. Anajua msafara wa magari unafika, kamera zinatoka, mama mwenye mtoto mgongoni anapangwa mbele, picha inapigwa, msafara unaondoka. Picha hiyo itakwenda wapi? Mama ameulizwa? Ameelezwa kwamba anaweza kukataa na bado akapata unga wake? Picha ya mtu aliyekimbia ni mali yake, sawa na picha ya mwanamitindo wa New York. Na sisi wa redio pia swali hili linatuhusu kila tunaposhika simu kupiga picha.

Kitu cha kuchukua, na kitu cha kuacha

Tusidanganyane kwamba kila msichana atafika alikofika Halima. Mlango aliopitia umefungwa karibu wote: mwezi wa kwanza 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, wakati Wacongomani walikuwa kati ya makundi makubwa kabisa yaliyokuwa yanapokelewa. Mwenye kukuambia leo kwamba atakupitisha haraka kwenda Marekani ama Ulaya juu ya sura yako, mwulize mara mbili.

Kinachoweza kuigwa ni masharti. Msichana ama kijana aliyeahidiwa kazi, iwe ya picha, ya hoteli ama ya nyumba, anaweza kuuliza maswali haya bila aibu: Kampuni inaitwa nani na ofisi iko wapi? Kontra imeandikwa katika luga ninayoisoma? Nani analipa safari, na kisha nitadaiwa? Paspoti yangu ataishika nani? Nitavaa nini, na picha zitakwenda wapi? Nikitaka kuacha, nitaacha namna gani? Mtu wa kazi ya kweli atajibu. Mwenye kukasirika amekwisha jibu.

Wazazi nao wajue kwamba mtoto bado hajafika miaka 18 hawezi kupelekwa kazi ya namna hiyo kwa maneno ya simu. Sheria ya ulinzi wa mtoto iko tangu 2009, na mwezi wa kumi na mbili 2022 inchi yetu iliongeza sheria ya kuadhibu biashara ya watu. Kwenye mpaka huu ambapo watu wanavuka kila siku na mizigo yao, sheria hizo zitafanya kazi tu kama mtu anasema mapema, kabla gari halijavuka daraja.

Halima alikuwa na kampuni kubwa, kontra nzuri, na jina. Na bado walimfunga suruali kichwani. Basi mtu asiye na kontra, asiye na jina, anayevuka usiku na namba moja ya simu mfukoni, yeye atalindwa na nini?