Kinshasa–Kisangani: dirisha la kushoto si anasa

Kwenye uwanja wa ndege wa Ndjili, msafiri wa Kisangani anahangaikia kilo za mizigo na saa ya kuondoka. Kiti hakimsumbui sana. Akiulizwa, wengi huomba cha mbele, karibu na mlango, ili watoke haraka. Wakishakaa, wanashusha pazia la dirisha na kulala.

Hiyo ni hasara. Hakuna barabara nzuri inayounganisha miji hii miwili. Kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700, na safari ya mashua inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa raia wengi, ndege ndiyo nafasi pekee ya kuona katikati ya nchi yao, na nafasi hiyo ni ya saa chache tu.

Anayetaka kuona aombe dirisha la upande wa kushoto, herufi A, mbele au nyuma ya bawa. Ndege inaelekea kaskazini-mashariki, na mto umepinda kaskazini, yaani kushoto. Ikisharuka, Pool Malebo na visiwa vyake viko upande huo. Baadaye, anga likiwa safi, linaonekana Ziwa Mai-Ndombe, ambalo jina lake ni maji meusi, na kweli ni meusi. Kisha ni msitu, na msitu tena, hadi ikweta ivukwe na mto ujitokeze kabla ya Kisangani. Safari ya asubuhi ni bora, kwa kuwa mchana mawingu huongezeka juu ya msitu. Kuanzia Novemba hadi Februari jua liko kusini mwa njia hiyo, kwa hiyo haliwachomi macho walioketi kushoto.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu msitu huo unaamuliwa na watu waliopita juu yake wakiwa wamelala. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba udongo wa mimea iliyooza katika bonde la kati, upande wa Kongo zote mbili, umehifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni. Miaka mitano baadaye, Julai 2022, serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vingine vikiwa ndani ya bonde hilo. Wabunge, mawaziri na wafanyabiashara walibishana wakitazama ramani. Kwenye ramani kitalu ni mraba mtupu. Dirishani kuna kijiji kando ya maji, mashamba yaliyokatwa msituni, na mtumbwi mmoja kwenye mto mpana.

Kutazama dirishani hakumfanyi mtu kuwa mtaalamu, wala hakuchukui nafasi ya kuwasikiliza wanaoishi huko chini. Lakini aliyeuona upana wa msitu huo hataamini kirahisi anayesema ni pori lisilo na mwenyewe.

Mashirika ya ndege yawaruhusu abiria kuchagua kiti bila kulipa zaidi. Mzazi anayesafiri na mtoto ampe dirisha. Na mheshimiwa anayepanda ndege kwenda kuzungumzia msitu, aache pazia wazi mpaka Kisangani.