Mchezaji wa chuo: mwanafunzi ao mfanya kazi?



Munajua namna vijana wengi kati yetu wanaota kwenda Marekani kwa njia ya basketi. Wanasema: kule chuo kikuu kinalipa kila kitu, wewe unacheza tu. Sisi wa mwaka wa mwisho tunataka tulipime neno hili vizuri. Je, wachezaji wa vyuo vya Marekani wanapata haki yao, ao jasho lao linaliwa na wengine?

Kwanza tuseme ukweli: si mabaya matupu. Toka mwaka 1956 shirika NCAA, lenye kuongoza michezo ya vyuo vingi kule, linakubali mchezaji apewe bursi: masomo, kitanda, chakula. Kwa mtoto ambaye wazazi wake hawana kitu, ile ni mali kubwa. Hatuichekelei.

Lakini kwa miaka mingi mchezaji alikatazwa kupata faida ingine juu ya jina lake na mchezo wake. Na wakubwa, je? Mwaka 2010 televizio zilikubali kulipa dola miliari 10,8 kwa miaka 14, juu ya kuonyesha mashindano ya basketi ya wanaume ya mwezi wa tatu tu. Maentreneri wakubwa walipata mamilioni kwa mwaka. Na yule anayekimbia uwanjani? Mwaka 2014 Shabazz Napier, aliyeshinda ubingwa na chuo cha Connecticut, alisema mbele ya waandishi kwamba usiku mwingine analala na njaa. Ni katika mwezi wa ine wa mwaka ule NCAA iliruhusu vyuo viwape wachezaji chakula bila mpaka. Mutu analetea wengine mamiliari, yeye analala na njaa! Ile si haki.

Shida ilitoka wapi? Ilitoka katika jina. Walter Byers aliongoza NCAA toka 1951 mpaka 1987. Wakati wake walitunga jina «mwanafunzi-mchezaji», na yeye mwenyewe aliandika mwaka 1995 kwamba walifanya vile juu wachezaji wasihesabiwe kuwa wafanya kazi. Mfanya kazi akivunjika mguu kazini, sheria inamlipia. Mwanafunzi alipovunjika mguu, waliweza kumwambia pole tu. Tena toka 1973 bursi ya mchezo ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Goti likiharibika, entreneri angeweza kukataa kuipa tena, na masomo yako yanakufa pamoja na goti. Ni mwaka 2012 tu vyuo viliruhusiwa tena kutoa bursi ya miaka mingi.

Wengine watatujibu: «Hayo ni ya zamani, sasa wanalipwa.» Ni kweli, mambo yamegeuka. Mwaka 2021 waamuzi wote 9 wa tribunali kubwa ya Marekani waliikatalia NCAA kuzuia misaada ya masomo, na toka tarehe 1 ya mwezi wa saba mwaka ule mchezaji anaweza kuuza jina na sura yake kwa matangazo. Mwaka 2025 mapatano mbele ya tribunali yaliruhusu kila chuo kuwagawia wachezaji wake mpaka dola milioni 20,5 kwa mwaka wa kwanza.

Tunafurahi. Lakini tuulize: ni nani atakula? Vyuo vingi vilipanga sehemu kubwa iende kwa mpira wa Kiamerika na basketi ya wanaume. Msichana anayeogelea, kijana anayekimbia, watapata makombo. Na mgeni kama sisi, mwenye viza ya mwanafunzi, sheria inamfunga karibu kazi yote inje ya chuo. Tena NCAA yenyewe inasema chini ya wawili juu ya mia ndio wanafika kwenye mchezo wa mshahara. Wale wengine 98 watakula nini kesho? Watakula diploma yao, kama waliipata kweli.

Ndiyo maoni yetu: chuo kichague. Kikimwita mfanya kazi, kimlipe na kimtunze akiumia. Kikimwita mwanafunzi, kimpe muda wa kusoma, na bursi isikatike juu ya goti. Kushika majina mawili ili kukwepa madeni mawili, ni udanganyifu.

Muangalie Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa. Mwaka 1987 alifika Georgetown kwa bursi ya masomo, akitaka kuwa munganga. Basketi ilikuja nyuma. Mwaka 1991 alitoka na diploma mkononi kabla ya kuingia NBA, na mwaka 2007 alifungua hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake. Alikufa mwaka 2024, lakini hospitali iko.

Na hapa kwetu? Ekipi ya shule ikienda kucheza, sisi wote tunapiga vigelegele. Kesho yake mchezaji anakuta enterogasio juu ya somo ambalo hakusikia, anapata sifuri, na hakuna anayekumbuka goli lake. Tunamwomba Bwana Prefe na waalimu wetu kwa heshima: wapewe siku mbili za kujitayarisha. Na sisi wenzao, tuwaandikie somo katika daftari zao. Ile haiombi feza, inaomba haki tu.

Ndugu unayeota Marekani, ota. Lakini mbele ya kutia sahihi, uliza: nikiumia, masomo yangu yatakuwa namna gani? Wakinyamaza, jibu umelipata.