Chururu na ndondondo: maneno ya umajimaji uendao polepole

Kiswahili hutofautisha umajimaji uendao polepole kwa namna unavyotoka. Kudondoka ni kutoka tone baada ya tone, na kati ya tone moja na jingine pana nafasi. Kuchuruzika ni kutoka kwa uzi mwembamba usiokatika, kama damu ya jeraha. Kutiririka ni kwenda mfululizo juu ya kitu, kama machozi shavuni au maji ya kijito. Kuvuja huangalia mahali pa kutokea: ufa, tundu au mshono.

Tofauti hiyo huonekana tui linapokamuliwa kwa kifumbu. Mkono ukibana, tui huchuruzika bakulini; ukilegea, hubaki kudondoka. Methali nayo yasema: chururu si ndo! ndo! ndo! Mchirizi mwembamba usiokatika hujaza mtungi mapema kuliko matone.

Jina mchirizi limekwenda mbali. Ni mfereji mdogo wa kupitishia maji, ni alama ya jasho kwenye vumbi la uso, na kwa wingi, michirizi, ni mistari ya ngozi iliyotanuka, hasa baada ya ujauzito.

Vitenzi navyo vimepanuka. Siri huvuja, na mtihani pia. Maneno hutiririka kinywani mwa msemaji hodari, na siku hizi video hutiririshwa kwenye intaneti. Kuvuja kumebeba lawama. Kutiririka kumebeba sifa.